Kabla Trekta Halijafika Mahameni

Mikumi,
12 Agosti 2024

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa konda wa basi la Kilosa ilikufikia, au kaipaka yeye? Mimi mzima kabisa, isipokuwa vumbi la Mikumi na wageni wa hifadhini wanaodai chai kabla hata jogoo hajaamka.

Babu, nina ombi. Mwisho wa Oktoba hapa lojini tunafanya Tamasha la Zilipendwa, mambo ya miaka ya sabini mwanzoni: muziki wa bendi, nywele za afro, vyakula vya enzi zenu. Bosi kaniachia kila kitu mimi. Mambo yakienda vizuri, usimamizi ni wangu.

Niandikie basi maisha yalivyokuwa. Bei za vitu, habari za redioni, mavazi, vituko. Usinipigie simu, andika kwa mkono wako, nataka niubandike mwandiko wenyewe ukutani. Na ile suruali yako ya bugaluu kama bado ipo, naiomba.

Mjukuu wako,
Jackline

*

Kidete,
20 Agosti 2024

Mke wangu Jackline,

Marahaba, ingawa mke wa kweli huamkia na maji ya kuoga mkononi, si karatasi. Dawa ilifika. Inanukia mpaka mbuzi wa jirani Shimba wananifuata. Mguu wenyewe haujasikia chochote, ni mkaidi kama marehemu bibi yako. Kwingine mimi mzima, na mto Mkondoa umelala kitandani mwake, haujamsumbua mtu.

Mimi niliishia darasa la nne, wewe una diploma, halafu mwalimu niwe mimi! Haya, kaa chini.

Soda ilikuwa thumni. Kilo ya sukari haikufika shilingi mbili, ila uipate kwanza. Bia chini ya shilingi tatu, na ukiinywa kijiji kizima kinajua umelipwa. Redio ya maana Kidete nzima ilikuwa ya bwana stesheni. Tulikaa chini ya dirisha lake kama kuku, na betri zikichoka tunamwanikia juani ili tusikose habari. Tulituma kadi za salamu. Siku moja mtangazaji akalitaja jina langu, Yared wa Kidete anamsalimu Generoza wa Chanzuru, basi wiki nzima nilitembea kama mbunge. Ndiyo bibi yako alivyonikubali. Si kwa sura, ni kwa redio.

Mavazi sasa. Kwanza tulivaa suruali za kubana. Wale vijana wa chama wakatukamata sokoni Kilosa, wanakupitishia chupa ya soda mguuni. Chupa ikikwama, mkasi. Tukasema sawa, tukashona bugaluu, pana kama mlango wa kanisa. Wakaja wale wale: mnafagia barabara ya serikali! Mwenzangu Kasian alivaa na raizoni, vile viatu vya visigino virefu, akashuka treni likiwa bado linatembea. Tulimwokota na viatu vyake mbalimbali.

Zamu yangu kuomba. Yale mahame yetu ya mlimani, kule tulikoondolewa mwaka wa Operesheni, amepewa Shimba alime, yule jirani yangu Msukuma. Ni mstaarabu. Alikuja akavua kofia: "Mzee, huko juu kuna kaburi lenu? Nionyeshe nisilikanyage. Trekta linakuja kabla ya mvua." Lipo moja, la mama yangu Monica. Anayelijua nimebaki mimi. Baba yako nilimwonyesha, naye kalala kaburini kwake. Kwetu mgeni haonyeshwi kaburi kabla ya mtu wa damu ya marehemu, ni kama kumuuza. Njoo unishike mkono tupande, nikuonyeshe wewe, halafu wewe ndiye umwonyeshe Shimba. Siku moja tu inatosha.

Mumeo mkongwe,
Yared

*

Mikumi,
4 Septemba 2024

Babu,

Shikamoo! Nimecheka mpaka jikoni wakatoka kuniangalia. Ya chupa nimemsomea bosi, akasema hii ndiyo itakuwa roho ya tamasha.

Kuhusu kaburi, nitakuja, naapa. Ila si sasa, Babu, kila kitu kiko mikononi mwangu. Tamasha ni Jumamosi tarehe 26 Oktoba, Jumapili yake nipo kwenye basi. Mwambie huyo Shimba asubiri kidogo. Na mahindi yake yatasubiri tu, hayana miguu.

Niongezee mengine kama hayo, hasa ya sabini na nne. Mlikula nini? Mlicheza nini? Suruali usisahau.

Mjukuu wako,
Jackline

*

Kidete,
15 Septemba 2024

Mke wangu,

Marahaba. Unaniapia kama mwanamume wa mjini. Haya, tarehe 27 naihesabu.

Mahindi hayana miguu, ila trekta lina magurudumu. Shimba amelikodi na wenzake, linatoka Msowero, linakwenda kwa zamu. Hawezi kuliambia lingoje bibi harusi.

Sabini na nne tulikula unga wa njano uliotoka Marekani. Tuliuita yanga. Ukisonga ugali wake unadhani umepika sabuni, watoto wanaulilia wakiuona na wanaulilia wakiukosa. Dunia ilikuwa inangoja ngumi za Kinshasa, na sisi vijana tulibishana nani atapigwa, tumbo likinguruma kama uwanja wenyewe.

Mwaka huo huo tukaambiwa tushuke mlimani tukae pamoja bondeni. Mama alikufa alfajiri, lori likaja asubuhi. Vitu vilikuwa vimeshapakiwa jana yake, hata nguo. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka dansini Kilosa, mwilini nina bugaluu peke yake. Basi nikachimba kaburi la mama yangu nimevaa suruali ya dansi. Pindo zikajaa udongo. Kila nikinyanyua mguu nanyanyua nusu ya kaburi. Mgambo mmoja akacheka. Na mimi nikacheka, maana ningelia wangesema nachelewesha lori. Kilio tulikilia njiani, juu ya magunia. Tulimwachia kichwani chungu kilichotobolewa, kati ya jiwe kubwa na mti wa mlama.

Ya chupa wape wageni. Hii nimekuandikia wewe.

Suruali nimempa konda. Itundike ukutani, usiivae wala usimvishe mtu. Mjukuu huvaa nguo za babu yake siku moja tu, siku ya kumzika, amwigize anavyotembea na anavyokohoa, watu wapunguze machozi. Mimi bado nina njaa, Jackline. Leo asubuhi nimekula viazi vitatu.

Mumeo,
Yared

*

Kidete,
20 Oktoba 2024

Mke wangu,

Umekuwa kimya, najua unapamba ukumbi. Mimi mzima. Nimechonga fimbo mpya ya kupandia mlima na nimeifanyia mazoezi mpaka chooni, tumeelewana.

Shimba kaniambia tena, "Mzee, twende mimi na wewe, nitakubeba." Nimemjibu mke wangu anakuja Jumapili. Akasema mzee ana mke? Nikamwambia anao, tena wa Mikumi.

Mumeo,
Yared

*

Mikumi,
29 Oktoba 2024

Babu yangu,

Shikamoo, na samahani Jumapili hukuniona. Usikasirike mpaka umalize kusoma.

Tamasha lilifana kupita kiasi! Watu walijaa mpaka kwenye maegesho. Yule mchekeshaji tuliyemlipa kutoka Morogoro akaugua siku yenyewe, bosi kachanganyikiwa, nikasema nipeni mimi. Nikavaa bugaluu yako, nikashika fimbo, nikawa Babu Yared. Sauti yako, kikohozi chako, mguu wako. Nikawapa chupa, nikawapa yanga, halafu nikawapa ile ya kuchimba na pindo zilizojaa udongo. Babu, watu walilia kwa kucheka! Mzee mmoja wa Kizungu alisimama akapiga makofi.

Usimamizi nimepata. Wa kwanza kumwambia ni wewe.

Ndiyo sababu Jumapili sikuja. Kundi la wageni lilibaki na msimamizi mpya hawezi kuondoka siku ya kwanza. Mwisho wa Novemba nitakuwa na nafasi, safari hii ni kweli. Mwambie Shimba avumilie wiki chache.

Nimekununulia koti.

Mjukuu wako anayekupenda,
Jackline

*

Mikumi,
17 Novemba 2024

Babu,

Shikamoo. Mbona kimya? Nimepiga simu haipokelewi. Konda anasema hana barua yoyote kutoka kwako. Mguu umezidi? Kama nimekukosea nitukane basi, kama kawaida yako. Koti lipo, nakuja nalo tarehe 30.

Jackline

*

Kidete,
24 Novemba 2024

Jackline,

Marahaba. Mguu haujambo. Simu niliizima, kulikuwa na kelele. Hongera kwa cheo.

Video nimeiona, imezunguka mpaka ikaingia kwenye simu ya Shimba. Unaniigiza vizuri. Kikohozi ni chenyewe. Ungefanya vile juu ya udongo wangu, watani wangekutunza kuku na khanga. Coletha, mke wa Shimba, ndiye aliyeuliza, "Mzee, huyu si wewe? Mbona unachimba, na watu wanacheka nini?" Nikamwambia wanacheka bei ya soda.

Trekta lilikuja Jumatatu ya tarehe 4. Nilikuwa nimekungoja, nikamwambia Shimba sasa nipandishe wewe. Akanikalisha kwenye pikipiki, akanifunga kiunoni kwake kwa khanga ya mkewe kama mtoto mchanga. Tumekwenda hivyo, maiti iliyokataa jeneza. Watu wa stesheni wakapiga vigelegele, nikawapungia mkono. Kwa nini nisiwapungie? Mikumi nilishazikwa.

Tulipofika dereva alikuwa ameanza upande wa juu tangu asubuhi. Mlama hakuna, wachoma mkaa waliumaliza zamani. Jiwe kubwa nililolitegemea, kalisukumia korongoni apate kugeuza. Nikazunguka. Nikaenda nilipodhani palikuwa jikoni kwetu, nikahesabu hatua kama nilivyokuwa nikizihesabu, nikajikuta kwenye udongo uliopinduliwa, mwekundu, unafanana wote. Nikapekua kwa fimbo nitafute kigae cha chungu. Nilipata kigae. Halafu nikapata kingine mbali na pale, na kingine. Mahame, Jackline, vigae ndiyo mavuno yake.

Dereva akazima mashine. Kakodiwa kwa saa, lakini alizima. Shimba yuko nyuma yangu, kofia mkononi.

"Ni wapi, mzee?"

Ningesema sijui, angelima pote, na angekuwa na haki. Ningesema pote, ningemnyima mtu shamba lake. Na aibu ilikuwepo, sitakuficha, aibu ya mtoto wa pekee aliyebaki asiyejua alipomlaza mama yake.

Nikanyoosha kidole. "Pale," nikasema. Palikuwa na majani majani, trekta halijafika.

Wakapazungushia miiba siku ile ile. Shimba kaacha eneo kubwa, nilimwambia mama alikuwa mwembamba, akasema hapana mzee, apumue. Coletha na watoto wakaimba wimbo wa kanisani kwa Kisukuma. Nikalia, Jackline. Nililia kweli, kilio cha bondeni na cha kwenye magunia. Mama labda alikuwa chini ya miguu yangu. Labda yuko upande wa mahindi, na mvua imeshaanza, yameanza kuchipua.

Kwa hiyo usihangaike tarehe 30. Kazi iliyokuwepo imekwisha. Koti mpe mlinzi wenu, Mikumi usiku kuna baridi.

Ila siku yoyote ukipita, Shimba atakupandisha akuonyeshe. Ni yeye sasa atakayekuonyesha wewe. Piga magoti, omba kidogo, umshukuru sana. Ametoa ardhi nzuri.

Usimwambie.

Babu yako,
Yared