Chumba Kilichosomeka Kitupu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa ndani ya jalada. Kazini huitwa Mama Unyevu.
Umri: miaka 43
Kazi: mpimaji wa unyevu wa mbao, kiwanda cha kukausha mbao
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya kiwanda

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeolewa na nina watoto watatu. Nimekuja kituoni mwenyewe, na nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa.

Kazi yangu ni kupima mbao kabla hazijaingia kwenye vyumba vya kukaushia na baada ya kutoka. Vyumba viko vinne. Kila kimoja ni kama bohari ndogo ya chuma, hakina dirisha, na mlango wake ni mmoja, unapanda na kushuka kwa mota. Joto linatoka kwenye boila na kupita kwenye mabomba ya mvuke yaliyoshikizwa ukutani.

Mwaka juzi uliletwa mfumo mpya, akakabidhiwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ndiye anayekaa kwenye kompyuta. Ndani ya ile kompyuta kuna kiwanda kingine kinachofanana na chetu kwa kila kitu, boila, mabomba na vyumba vyote vinne. Sensa, yaani vipimo vidogo vinavyohisi joto na unyevu, zimefungwa kila mahali, na zinapeleka habari kule wakati wote. Ukitaka kujaribu jambo unalijaribu kule kwanza, na huku hujachoma hata gogo moja. Wafanyakazi tulikiita Pacha, na tunamsema kama mtu.

Pacha simsemi vibaya. Zamani boila lilikuwa linakula magogo usiku na mchana, na sisi tunaokaa nyuma ya kiwanda tulikuwa tunaanika nguo ndani kwa sababu ya masizi. Pacha alipokuja, magogo yalipungua karibu nusu, mbao zikaacha kupasuka, na mimi nikaanza kuanika shuka nyeupe uani. Shemeji alimsifia huyo Pacha mpaka mke wake akamwambia bora akamuoe kabisa.

Shida ilianza pale Meneja alipopenda kile kipimo cha Pacha kinachoonyesha joto lililookolewa kuliko kitu kingine chochote. Aliamuru vishikizo vya ndani vya milango ving'olewe na matundu yake yazibwe, kwa sababu joto lilikuwa linavuja hapo. Kisha akaamuru kufuli ziondolewe. Zamani, ukiingia chumbani kufanya matengenezo, ulikuwa unafunga kufuli yako kwenye swichi ya nje, na chumba hakiwaki mpaka wewe mwenyewe utoke na kuifungua. Meneja alisema kufuli zinamchelewesha Pacha. Pacha alikuwa ameruhusiwa kufunga mlango na kuanza mwenyewe kila anapoona boila lina mvuke wa ziada, ili usipotee bure. Shemeji alilalamika mbele yetu kwenye kikao. Akaambiwa akae.

Mnamo tarehe kumi na nne mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, kiwandani kulikuwa na wageni, wanunuzi wa mbao waliotaka kuona jinsi tunavyookoa kuni. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepima mbao za chumba namba tatu nikaona hazipatani na anachosema Pacha. Nikamweleza shemeji. Akasema ni sensa ya nyuma imekufa, akamtuma Fundi Taratibu akaibadilishe, nami niende naye nipime tena. Fundi Taratibu ni marehemu sasa. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuwahi kukimbia, hata kengele ya chakula ikilia. Nilifanya naye kazi miaka mingi, na mke wake ndiye aliyenifundisha kushona.

Tuliingia yapata saa nne. Kupita kati ya mbao na ukuta ni kwa ubavu. Fundi alibadilisha sensa, nami nikawa napima. Tulikuwa tunakusanya vifaa tuliposikia mota, na mwanga ukaanza kukatika kutoka juu. Niliuacha mkoba wangu nikakimbia. Nilipofika, mlango ulikuwa umeshagusa sakafu. Nikabaki na viatu vyangu vinagusa ule mpira ulio chini ya mlango.

Tulipiga mlango kwa spana na kuita. Ile milango imejazwa sufi ya kuzuia joto, na sauti haitoki. Simu zetu zilikuwa kwenye kabati, kwa kuwa haziruhusiwi ndani. Feni zikawaka, mvuke ukaanza kuingia. Fundi alikuwa na tochi. Alimulika pale palipokuwa na kishikizo, akapapasa kile kibati kilichoziba tundu, kisha akaizima tochi ili isiishe.

Aliniambia, "Pacha hajui kama tumo. Kwake humu mna mbao tu."

Hapo ndipo nilipopata wazo. Pacha hakuwa na njia ya kujua habari za watu, lakini unyevu alikuwa anaujua vizuri sana. Nilikuwa na chupa yangu ya maji, imebaki nusu. Nilimwambia Fundi kwamba nikiilowesha sensa mpya na kuikausha, kisha nikarudia tena na tena kwa mpango, mstari kwenye kompyuta utapanda na kushuka, na shemeji akiuona atajua kuna mkono wa mtu. Lakini hayo ndiyo maji pekee tuliyokuwa nayo, na Fundi alikuwa ameshaanza kuhema kwa shida. Nilimpa chupa kwanza. Akainusa tu, akanirudishia.

Alisema, "Mpe Pacha. Mimi nitakunywa nikitoka."

Nililowesha mtandio wangu kidogo kidogo, nikawa naifunika sensa, naifunua, naifunika. Sensa iko karibu na bomba la mvuke na mkono wangu wa kulia ulikuwa unaligusa. Bomba lilipozidi kuwa moto nikahamia mkono wa kushoto, kisha nikarudi tena ule wa kulia. Fundi aliketi chini, mgongo kwenye mbao, kwa sababu chini kulikuwa na nafuu. Mwanzoni alinihesabia kwa sauti ili nisipoteze mpango. Alisema nikitoka humo niombe kazi ya kupiga ngoma. Nilicheka. Baadaye akawa anahesabu na kuruka namba, baadaye akahesabu kimoyomoyo, au nilifikiri hivyo. Nilimwita. Aliitika mara mbili. Mara ya tatu sikusikia kitu, na sikuweza kuiacha sensa nikamshike. Nilisema moyoni nikiiacha tumekwisha wote wawili. Sijui kama nilifanya sawa.

Maji yalikwisha. Nikawa naitemea mate, mpaka nayo yakakauka.

Nilisikia mlango unagongwa kwa kitu kizito. Feni zikazima ghafla, na umeme wote ukakatika. Mlango ukainuliwa kidogo kutoka chini kwa mtaimbo, hewa ikaingia, nami nikalala kifudifudi mdomo wangu ukiwa penye ule mwanya. Shemeji alikuwa anasema, "Rudi nyuma, shemeji, usiweke mkono." Alivunja mota, akaingia, akamtoa Fundi kwanza. Alimmwagia maji na kumkandamiza kifua mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Daktari alisema alishafariki.

Kutokana na shemeji kukata umeme, boila lilijizima, mbao za vyumba vyote zikaharibika, na wageni wakaondoka. Siku ya pili shemeji alikamatwa. Meneja amesema shemeji hakuwepo kwenye kiti chake, kwamba hakupiga simu kuomba ruhusa ya kufungua, na kwamba alivunja mitambo ili kuficha uzembe wake.

Shemeji aliniambia habari nyingine, siku mume wangu aliponipeleka kumwona mahabusu. Alisema alidhani tumeshatoka, mpaka alipouona ule mstari ukipanda na kushuka, akajua mbao hazipumui namna ile. Nambari ya siri ya kufungulia mlango kazi ikiendelea anayo Meneja peke yake. Alimpigia akiwa na wageni. Meneja akasema hiyo ni sensa mbovu, Pacha anaonyesha chumba hakina mtu, asimwaibishe. Akampigia tena. Mara ya mwisho alimpigia akiwa ameshashika mtaimbo. Hayo nimeambiwa, sikuyaona. Ile kompyuta inatunza joto na unyevu, na mkitaka mtaukuta mstari wangu humo. Maneno ya simu haitunzi.

Nimeulizwa kama nilipokuwa chini ya mlango nilisikia sauti ya Meneja kwenye simu ikimkataza shemeji asivunje. Sauti ya Meneja sikuisikia. Nilichosikia ni shemeji akisema, "Basi nifukuze." Alisema mara moja, nikasikia kupitia ule mwanya, kabla mlango haujainuka wote. Alikuwa anamwambia nani, sikuona.

Naeleza na hili. Leo asubuhi mume wangu aliniomba niseme kwamba nilimsikia Meneja. Hakunitisha. Alikaa kitandani, akasema huyo ni mdogo wake wa tumbo moja, na neno langu moja litamtoa. Akaniuliza, mtu aliyevunja mlango kwa ajili yangu namlipa nini. Jibu lake nimelitafuta njia nzima mpaka hapa. Nikilisema hilo neno na likagundulika, na lile la kweli nililolisikia halitaaminiwa tena na yeyote. Nisipolisema, jioni narudi nyumba ileile, na mume wangu yupo pale.

Ninayoyajua ndiyo hayo, na nisiyoyajua nimesema siyajui. Nimesomewa, nimeridhika.

Alama ya dole gumba la kushoto la shahidi (mkono wa kulia umefungwa bendeji).

MAELEZO YA OFISA ALIYEANDIKA

Nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa, kisha nikamsomea shahidi kwa sauti. Alinisimamisha mahali pamoja. Niliandika "sauti ya Meneja niliisikia". Alisema hakusema hivyo. Nilimwambia kwamba akitaka ninaweza kupaacha palivyo, na nikampa muda wa kufikiri. Akasema pakatwe. Nimekata, naye ameweka dole gumba pembeni.

Kabla hajaondoka nilimruhusu amwone mtuhumiwa kwenye korido, nami nikiwepo. Alimwambia, "Shem, lile neno sikulisema." Mtuhumiwa alimtazama, kisha akamuuliza mkono unaendeleaje.

Nimeagiza Meneja aitwe tena, aje na simu yake.