Karatasi Tisa za Mama

Kigera, Musoma
5 Aprili 1983

Mpendwa mdogo wangu Dafroza,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Mwalimu Leodgar, na huyo aliye tumboni. Mimi na Pastory wangu tu wazima, hofu ni kwako tu uliye mbali na macho yangu.

Pasaka tumekula bila sukari, na sabuni tumeisikia kwa jina. Lakini gauni nilivaa, mama wee! Yale mapazia ya kijani ambayo masista walimwachia marehemu mama, nimeyakata kwa karatasi zake zilezile za kukatia nguo, mtindo wa kiuno cha kubana na kola ya duara. Kanisa zima liligeuka. Hata padre nilimwona akisahau sala.

Tulipotoka, Dorotea jirani yangu akanivuta mkono. "Marcelina, nguo hii umeitoa wapi wakati wenzako tunavaa viraka?" Nami, unajua mdomo wangu, nikamjibu: "Imeshuka na ndege kutoka Nairobi, hukuisikia ikipita?" Watu walicheka sana. Yeye hakucheka.

Msalimie shemeji. Pastory bado anatunza stoo ya duka kule Bunda, anarudi Jumamosi kwa Jumamosi.

Dada yako,
Marcelina


Butiama
11 Aprili 1983

Dada yangu mpendwa,

Milele amina. Sisi huku wazima, mimba imetimiza miezi saba na miguu imevimba kama mihogo. Shikamoo nyingi, na shikamoo kwa shemeji Pastory.

Dada, mdomo wako! Mdomo wako utatuzika. Hamsikilizi redio huko Kigera? Wanasaka wahujumu uchumi nyumba kwa nyumba, na wewe unatangaza mbele ya kanisa kwamba umevaa Nairobi! Na mumeo ni mtu wa stoo! Hapa jirani yetu ametupa katoni nzima ya sabuni chooni, kesho yake akaja kuniomba kipande cha kufulia. Watu wanaogopa mpaka vitu vyao halali.

Nimewaza zile karatasi za mama. Zina picha za wazungu na Kiingereza na bei juu yake. Mtu akizikuta ndani kwako atasema ni orodha ya mzigo wa magendo. Nipe mimi nizitunze. Nyumba ya mwalimu hawataigusa. Mpe Clementi, yule dereva wa lori la parokia, hasemi na mtu.

Mimi mdogo wako mwenye wasiwasi,
Dafroza


Kigera, Musoma
17 Aprili 1983

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Pole na miguu, ilaze juu ya kigoda na umwambie Leodgar achote maji mwenyewe, hatakufa.

Nilikucheka nilipokusoma. Sicheki tena. Jana wamepekua nyumba tatu Nyasho, na mama mmoja amechukuliwa na mashuka yake ya harusi. Pastory amekuja Jumamosi hakula. Kila mlango ukigongwa anasimama.

Basi nakuletea. Zimo katika bahasha ya kaki chini ya kikapu cha furu wakavu. Zitanuka samaki lakini zitafika. Zihesabu: kifua kimoja, migongo miwili, mikono miwili, kola mbili, sketi mbele na nyuma. Tisa. Usizikunje upya, zimechoka, zikikunjwa kwingine zinakatika.

Unakumbuka mama alivyosemaga? "Mkono unadanganya, karatasi haidanganyi." Nimeshona miaka kumi na tano na sijawahi kukata bila karatasi. Nimezitoa ndani nikajiona kama nimemtoa mama nje.

Dada yako,
Marcelina


Kigera, Musoma
26 Aprili 1983

Dafroza,

Salamu nitakupa siku nyingine.

Pastory wamemkamata Jumamosi huko Bunda akifunga stoo. Jumapili wakaja hapa, askari watatu na mkubwa wao, afande Keraryo. Walifunua kitanda, walimwaga unga chini. Stoo wameihesabu, haikupungua hata sindano. Kinachomshika mume wangu ni magauni yangu manne yaliyokuwa yametundikwa. Wanasema ni mali ya kuvusha mpaka, na kwamba mimi mwenyewe nilikiri Pasaka, mbele ya watu. Sikuuliza nani amewaambia.

Nikalia, nikasema nimeshona mwenyewe. Keraryo akalishika lile la kijani, akatazama kola, akasema, "Fundi wa Kigera hawezi hii. Uliiga wapi?" Nikasema nakata kwa karatasi za mama yangu. "Ziko wapi?" Nikasema ziko Butiama kwa mdogo wangu. Askari wakacheka. Yeye hakucheka, akasema: "Ijumaa uje Bunda na hizo karatasi na cherehani yako, ushone nikiona. Usipokuja nazo, mumeo anapelekwa mbele." Mbele ni wapi sikuuliza. Nimeogopa kuuliza.

Nilijaribu kukata kwa kichwa, shuka langu la mwisho. Tundu la mkono limetoka haliingii hata mkono wa mtoto. Shuka nimeliharibu.

Clementi anapita kwako kesho asubuhi na anarudi mchana. Mpe zote tisa. Nakuomba kwa jina la mama.

Marcelina


Butiama
27 Aprili 1983

Dada,

Usinisome ukiwa umesimama. Kaa chini kwanza.

Karatasi sina. Nilizichoma.

Tarehe ishirini walikuja kwenye nyumba za walimu. Waliingia nyumba ya pili kutoka kwetu, nikasikia vyombo vinaanguka. Leodgar alikuwa shuleni. Nilikuwa peke yangu na tumbo hili, nikazitoa chini ya godoro nikazitia jikoni chini ya sufuria ya maharage, zote tisa. Ziliwaka haraka, dada, zilikuwa kavu mno. Halafu wakapita hapa mlangoni, wakaomba maji ya kunywa, wakaenda zao. Hawakuingia hata ndani. Nilishindwa kukuandikia. Kila siku nilisema kesho.

Niliposoma barua yako asubuhi hii nilianguka chini. Leodgar ndiye aliyeniinua. Nikakaa, nikalia, kisha nikakumbuka sanduku langu.

Gauni langu la harusi. Mama alilikata kwa karatasi hizohizo, maana mimi na wewe alituhesabu mwili mmoja. Aliongeza urefu tu chini. Nalifumua. Ninavyokuandikia hivi Leodgar amenishikia upande mmoja na mimi nakata uzi kwa wembe, naandika nikipumzisha vidole. Kola zote mbili zimetoka. Mkono wa kushoto umetoka. Nimekuta ndani ya pindo mama aliishiwa uzi mweupe akamalizia wa bluu, miaka minne nimeitunza kumbukumbu hii sandukuni na sikujua.

Leodgar ananiuliza kama nina hakika. Nimemwambia avute vizuri, asinicheleweshe.

Clementi amefika, anapiga honi. Vipande vyote vimetoka, ni tisa, vihesabu. Vipige pasi kwanza, mishono ya zamani itakuonyesha pa kupita. Karatasi imekwisha, lakini nguo yenyewe haijasahau.

Nisamehe. Ukishindwa kunisamehe, nenda Bunda kwanza, unichukie baadaye.

Dafroza


Butiama
15 Mei 1983

Dada yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima. Sijui wewe.

Hii ni wiki ya tatu sijapata neno. Clementi kahamishiwa njia nyingine, na mabasi hayana mafuta. Nimemwuliza kila anayetoka Musoma. Mmoja anasema alikuona Mwisenge umebeba cherehani, mwingine anasema nyumba yako imefungwa. Nikisikia gari najificha chumbani, halafu naona aibu najitokeza.

Kama umenikasirikia, niandikie tusi moja tu, liwe kubwa, nijue uko hai.

Mdogo wako


Kigera, Musoma
29 Mei 1983

Mpendwa mdogo wangu Dafroza,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na hujajifungua bila mimi.

Tusi nimekutafutia nikakosa linalokutosha. Nilikukasirikia, sikufichi. Siku tatu sikutaka kusikia jina lako. Nimekaa kimya pia kwa kuogopa, kwamba barua itafunguliwa njiani na kwako ndiko watakakokwenda.

Ijumaa ile nilifika Bunda saa mbili asubuhi, cherehani kichwani, vipande vyako kifuani. Keraryo alilitandika gauni la kijani juu ya meza, akaweka vipande vyako juu yake, kimoja kimoja. Vililingana, Dafroza. Kola juu ya kola, kiuno juu ya kiuno. Akanionyesha kiti, nikaanza kushona. Nilikosea mara mbili, nikafumua, nikarudia. Kufika saa tisa gauni lako lilikuwa limesimama tena.

Alilishika muda mrefu. Kisha akasema, "Mke wangu ana mwili kama huu." Nilielewa. Nikamwambia, "Lichukue, mzee." Nisamehe na wewe. Gauni lako la harusi linavaliwa na mke wa Keraryo.

Pastory hawakumwachia siku ile. Walimweka mpaka juzi Ijumaa, nami nikawa nakwenda Bunda na kurudi. Sasa yuko nyumbani, amekonda, hasemi. La kijani wamelirudisha. Dorotea alikuja kutupa pole, akalitazama kambani. Nikamwambia kabla hajauliza: ni pazia, mama, pazia la masista. Nikafunua pindo nikamwonyesha. Akaanza kulia, nami nikamwacha alie.

Sasa sikiliza. Kabla sijakwenda Bunda nilivipiga pasi vipande vyako nikavichora juu ya magazeti, yaleyale yenye majina ya waliokamatwa. Nimekata seti mbili. Moja nimebaki nayo, moja imo humu. Tisa. Kiberiti kiweke mbali, wewe mwanamke. Kitambaa kikipatikana nchi hii, la kwanza ni lako.

Jambo moja la mwisho. Pastory halali. Mlango ukigongwa anasimama vilevile, usiku na mchana. Ameniambia kitu kimoja tu tangu arudi: kwamba siku ile niliyoshona walikuwa wamemfungia chumba cha pili, na alisikia cherehani yetu ikilia nyuma ya ukuta tangu asubuhi, na ule mlio wa gurudumu letu bovu anaujua, akajua niko pale. Akalala usingizi, wa kwanza tangu wamchukue.

Basi hivi sasa ni mchana, amelala kwenye mkeka hapa miguuni pangu. Uzi sina, kitambaa sina. Nazungusha cherehani tupu. Ikinyamaza sana anafumbua macho. Ndiyo maana mwandiko wangu unakatikakatika, naandika mstari mmoja, nazungusha, naandika mwingine.

Mimi mzima. Hofu ni kwako tu.

Dada yako,
Marcelina