Homa Iliposhuka

Salim, mdogo wangu,

Leo ni siku ya arobaini tangu tukuzike. Mkeo Zuhura yumo edani, hatoki chumbani kwenu hapa Majengo. Mama hukaa upande wa pili wa ukuta, na kila anayekuja kutoa pole humwambia kwa sauti ya kusikika ndani: "Mwanangu alikufa kwa udhaifu. Mke hakumlisha." Ameamua eda ikiisha Zuhura arudi kwao, watoto wabaki.

Nilienda kwa daktari wako na daftari langu la habari. Alisema hukuwa dhaifu. Virusi vilikuwa vimeanza kupungua. Kinga yako ndiyo haikuacha kupigana. Iliendelea hadi ikavimbisha mapafu yako yenyewe, yakajaa maji. Nikauliza kama chakula kingekuokoa. Hapana. Nikauliza kama kukufikisha kwake siku mbili mapema kungekuokoa. Akasema huenda: kuna oksijeni, kuna dawa za kuituliza kinga inapozidi. Homa kushuka, alisema, si kupona. Pumzi ndiyo ya kuangaliwa.

Hilo "huenda" nimelipigia mstari.

Siku ya saba ya ugonjwa wako Zuhura alinipigia simu. "Dada, homa imeshuka, lakini anahema kama mtu aliyepanda ngazi. Nimpeleke hospitali?" Nilikuwa kazini, habari yangu inasubiriwa. Nikamuuliza kipimajoto kinasema nini. Thelathini na saba. "Basi mwache apumzike," nikasema.

Ulikuwa ukinicheka: "Sista, wewe hata ukiambiwa chai iko tayari utauliza nani mwingine ameiona." Miaka ishirini na mbili sijapeleka habari kwa mhariri kwa kauli ya mtu mmoja. Wewe nilikutangaza mzima kwa kipimo kimoja, na mkeo alikuwa amenipa cha pili, pumzi yako, sikukiandika.

Mama hajui habari ya simu ile. Jana nilimuuliza Zuhura mbona ananyamaza. Alikuwa akikunja mashati yako.

"Ameshampoteza Salim," akasema. "Nikimwambia ni wewe, atabaki na nani?"

Nilipotoka, Mama alinishika mkono. "Afadhali wewe, mwanangu. Wewe ungempeleka."

Nikasimama pale, Salim. Mkono wangu ndani ya mkono wake, mkeo nyuma ya ukuta anasikia. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi. Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Ndiyo. Nilisema hivyo.

Kwaheri, mdogo wangu. Mungu akupanulie mahali ulipo, upumue. Alasiri tunakusomea hitma, na waliomsikia Mama watakuwepo wote. Sitangoja watawanyike. Nitaufungua mlango wa Zuhura ili asikie, kisha nitawaambia ni nani aliyemzuia asikupeleke hospitali. Mama atauachia mkono wangu, najua. Watoto wako watabaki na mama yao.

Dada yako,
Mwanahamisi