Uduvi Ndani ya Taa ya Trela

Mpendwa Noelene wa safu ya ushauri, naomba unisaidie kabla sijamtosa mume wangu baharini pamoja na boti yake. Nina mtoto wa miaka mitatu na mwingine wa kunyonya, usingizi nimeusahau, raha iliyobaki ni Jumamosi tukienda kuvua, lakini kila tukishusha boti majini taa za trela inayoibeba zinakufa, Darcy anabadilisha balbu, tunakwenda zikiwaka tunarudi gizani, na barabara yetu ina malori ya ngano. Juzi nilitoa mkono dirishani kama trafiki, lori likatupigia honi mpaka kichanga akalia, nikamwambia Darcy sipandi tena na wanangu mpaka taa ziwake.

Akacheka. "Mama Elsie, mji mzima unaijua trela yetu."

"Malori si ya mji huu, baba."

Basi akazipaka gundi ya silikoni kila ufa, akajisifu, na Jumapili Elsie akaniita, "Mama, kuna mdudu kwenye taa." Kweli, uduvi anaogelea, maji nusu taa. Darcy sasa anasema chumvi na umeme havipatani, niache ukaidi. Na si kwamba mimi ni mzigo, pale kwenye mteremko mimi ndiye ninayeendesha gari na kurudisha trela nyuma hadi majini, mara moja tu imenyooka, wanaume wanatazama, kisha nakanyaga breki nisisogee mpaka boti ielee. Je, nimekosea kugoma? Pasaka inakaribia na mama mkwe anatungoja kambini.

Mke Aliyegoma, Tumby Bay

Mke Aliyegoma, hujakosea. Watoto hawapandi gari lisiloonekana, hata mkweo apige simu mara kumi. Na Darcy aambiwe: gundi yako haikuzuia maji kuingia, imeyazuia kutoka. Ibandue upande wa chini, uduvi arudi kwao.

Sasa wewe, mwanangu. Nimecheka, maana muuaji wa taa umemtaja mwenyewe. Ukikanyaga breki, taa za nyuma ya trela zinawaka, zinapata moto, na ziko ndani ya maji baridi. Balbu inapasuka. Isipopasuka, hewa ya ndani inapoa na kuvuta maji. Hao wanaume wangekwambia, ila nao wanafanya hivyohivyo.

Mkifika, chomoa waya wa taa za trela kwenye gari kwanza. Fungueni mikanda ya boti bila haraka, taa zipoe, ndipo urudi nyuma. Nyumbani zioshe kwa maji ya bomba, na plagi ikikauka ipake grisi kidogo. Kama Pasaka itawakuta hamjamaliza, fungeni nyuma ya boti ubao wenye taa zake, ule unaoondolewa kabla ya kuingia majini. Bila huo, kaa nyumbani na wanao, na usione haya.

Halafu mwambie Darcy habari za mguu wako kwenye breki kabla hajazisoma hapa gazetini. Omba radhi kama unavyorudisha trela: mara moja tu, imenyooka.

Noelene