Kobe kaongea baada ya seva mpya

Mwenzangu, hebu sikia ya leo ofisini.

Mchana huu nimeipandisha ile seva ya mazungumzo ya timu kwenda toleo jipya. Nilifuata kila hatua, nikaiwasha. Simu zote ofisini zikalia kwa pamoja.

Ujumbe kutoka kwa Kobe: "Niko njiani, msianze kikao bila mimi."

Kobe! Kobe yule yule tuliyemzika.

Najua kilichotokea. Aliuandika asubuhi ile ya ajali iliyomuua, seva ya zamani ikaukwamisha kwenye foleni ya kutumwa, na hii mpya imeusukuma. Najua kabisa. Lakini "msianze bila mimi"? Na picha yake pembeni anacheka?

Mkuu akaruka kitini: "Futa! Futa akaunti yote, unataka kutuua kwa presha?"

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Mhasibu wetu, yule dada yake Kobe, akanishika mkono. "Usimguse kaka yangu."

Halafu akaketi, akamjibu pale pale kwenye kundi, sote tunaona: "Kama kawaida yako, umechelewa. Tulikusubiri mpaka tukachoka, Kobe wee."

Mkuu akarudi ofisini kwake. Sikufuta.

Sasa toleo hili jipya huonyesha idadi ya wanakundi ambao hawajasoma ujumbe. Sote tulio hai tumeshasoma. Chini ya jibu la dada yake Kobe pameandikwa, "Bado mmoja."

Na dada mtu hajaondoka kwenye skrini. Anangoja.