Nusu ya Salamu Maria, Njia ya Ediofe

Mama, shikamoo kutoka Arua, Uganda.

Mvua ilipokatika jioni hii nilipita kwenye kijumba cha sanamu ya Bikira Maria kando ya njia ya kwenda Ediofe. Bluu ya joho lake imebabuka kwa jua. Mama mmoja Mkongo alikuwa ametua beseni lake la samaki wakavu, anasali rozari peke yake. Kila alipofika nusu ya Salamu Maria alinyamaza, kama anamsubiri mtu. Akaniona.

“Dada yangu ndiye alikuwa anaitika. Amebaki Kongo. Wewe unajua kuitikia?”

Nikaitikia mpaka mwisho. Leo nzima sikuwa nimeongea na mtu.

Najua tangu niondoke unasali rozari ukijiitikia mwenyewe. Usijiitikie tena, Mama. Ukifika nusu, nyamaza kidogo. Huku nitakuwa naitikia.

Mwanao, Deo