Nyuso za Mjomba Ombasa

Jumamosi, 7 Juni 1997

Mchana msasa, jioni kipaza sauti. Ndiyo maisha yangu. Nimesugua viboko wa mawe anaowachonga Mjomba Ombasa mpaka vidole vikawa vyeupe, nikanawa, nikaenda kwenye kibanda cha video cha Onchiri kutafsiri filamu. Kutafsiri ni neno la heshima tu. Za Kichina, za Kihindi, zote nazielewa sawasawa, yaani sielewi hata neno. Naangalia midomo inavyocheza, natunga. Kijiji chetu kizima cha Tabaka kinajua natunga. Nadhani kinajua.

Leo kanda mpya kutoka Kisii mjini. Mhindi wa duka la kanda alimwapia Onchiri kwamba hii ni moto: ya Korea, mambo ya miaka ijayo, maroboti, polisi, risasi. Kwenye jalada, roboti mrefu kuliko ghorofa. Watu wakajaa hadi mlangoni.

Takataka. Watu wanatembea kwenye korido. Wanaongea. Mvua inanyesha. Wanaongea tena. Roboti mwenyewe katokea karibu na mwisho, urefu wake kama mwalimu wa kawaida, kichwani kavaa kitu ambacho kwetu tungepikia maharagwe. Watu wakaanza kuguna, kisha miluzi. Onchiri akanitolea macho.

Basi nikaona mzee mmoja ndani ya filamu, daktari sijui fundi, amesimama mbele ya rafu ya nyuso bandia. Mara mwanamke mgonjwa kitandani. Nikaunganisha. Nikampa yule mzee sauti ya Mjomba: kile kikohozi chake cha vumbi, na ule usemi wake anapochonga mtu, "Tulia, jiwe linakuona." Nikasema kila anayechongwa na mzee huyu, siku macho yake yakikamilika kwenye jiwe, yake mwenyewe yanafumba milele.

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Walimtambua mara moja. Nilijiona mfalme.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada vijana wamenisalimia kwa kukohoa. Nimecheka nao. Mjomba ameuliza kuna nini. Nimesema ni mambo ya filamu tu.

Jumanne, 10 Juni

Leo sina raha.

Hapa kila mtu anachonga viboko, twiga, vyombo vya kuwekea sabuni, wafanyabiashara wanakuja wanabeba. Mjomba peke yake ndiye anayechonga nyuso za watu wa hapa hapa. Alianza na mkewe. Alikuwa mgonjwa, akamwomba mwenyewe amchonge kabla hajakonda zaidi. Akamchonga. Wiki ileile mkewe akafariki. Uso wake uko rafuni mpaka leo, juu ya kitanda cha Mjomba, na mimi nimelelewa chini yake tangu mama yangu afe. Naufuta vumbi kila Jumapili.

Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na hilo halikunijia. Au lilinijia nikalipita. Sijui. Afadhali nisijue.

Sasa hivi anamchonga Kwamboka, binti mdogo wa jirani yetu Kemunto. Mtoto amekuwa akikaa kwenye benchi anakula ndizi mbivu na kuhesabu kuku. Yamebaki macho tu. Leo Mjomba amemwita. Kemunto akajibu kutoka jikoni kwamba mtoto ametumwa kwa bibi yake. Nimemwona mlangoni, nyuma ya gauni la mama yake.

Ijumaa, 13 Juni

Kwamboka ana homa.

Malaria imepanda milimani mwaka huu baada ya mvua. Nusu ya shule wamelala nyumbani. Kila mtu anajua hilo. Lakini Kemunto amekuja kwetu na kikapu, hakusalimu, ameangalia lile jiwe akauliza kama macho yameshamalizika. Mjomba amesema bado, anangoja mtoto apone. Amesema kwa upole kabisa. Kemunto ameondoka bila kuaga.

Mimi nimemsugua kiboko mmoja mpaka sikio limekatika. Mjomba amelitazama sikio, kisha amenitazama mimi. Nimeinamia msasa wangu. Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 14 Juni

Onchiri anataka ile ya Korea irudiwe. Eti watu wanaiulizia mpaka Ogembo. Filamu mbaya kuliko zote alizowahi kuonyesha, na ndiyo wanayoitaka. Nimekubali, kwa sababu nimepanga kusema ukweli.

Nimeusema. Yule mzee alipotokea, nimeinua kipaza sauti: mimi Kikorea sijui, huyu mzee sijui hata kazi yake, yote ya juzi nilitunga, na Mjomba wangu hajamdhuru mtu. Wakacheka. Walidhani ndiyo hadithi mpya. Wengine walipiga makofi.

Mzee mmoja wa machimboni, aliyekaa mbele, hakucheka. Aliuliza swali moja, polepole.

"Na mke wake? Huyo naye ulimtunga?"

Nilishusha kipaza sauti. Filamu imeendelea bila sauti yangu. Korido. Mvua.

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu umeponza kichwa cha mwingine.

Jumatatu, 16 Juni

Wamekuja asubuhi, ndugu wawili wa Kemunto. Hawakupiga kelele. Wamemwambia Mjomba alete jiwe la mtoto. Ameleta. Wamelipasua kwa nyundo pale pale uani. Kisha mmoja akaingia ndani, akatoka na uso wa mke wa Mjomba. Huo pia.

Hawakumgusa. Mkubwa wao alisema tu kwamba leo ni mawe, mtoto akifa itakuwa nyumba. Kila mtu hapa anajua anayeitwa mchawi hufanywa nini. Paa letu ni la nyasi.

Mimi nilikuwa nimesimama na msasa mkononi. Mtu mzima.

Walipoondoka nimemwambia Mjomba kila kitu: kikohozi, usemi wake, macho. Alikuwa ameinama anaokota vipande, anaviweka kwenye shuka lake. Alipomaliza akauliza.

"Hiyo filamu ilikuwa nzuri?"

Nikasema hapana. Ilikuwa mbaya sana.

"Basi umeniuza kwa filamu mbaya, mwana wa dada yangu."

Akafunga shuka. Ni bora angenipiga.

Jumatano, 18 Juni

Jana nilikwenda kwa Kemunto nikampigia magoti. Nikamwomba tumpeleke mtoto hospitali. Alikuwa akimpa majani ya kuchemsha. Hakunitazama, lakini alimfunga Kwamboka kwenye leso, tukaenda kwa baiskeli, mimi nasukuma, yeye nyuma anamshika. Mtoto alikuwa moto kama mkate. Sijawahi kuomba Mungu namna ile. Nilimwombea yeye, nikaiombea na nyumba, na sijui nilianza na kipi.

Muuguzi alimtoboa kidole, akasema malaria, akamwekea maji ya mshipa. Nilimwomba arudie kwa sauti ili Kemunto asikie. Akarudia.

Leo Kwamboka ameketi. Ameomba ndizi. Nimetoka nje nikalia nyuma ya choo.

Niliporudi ndani, Kemunto amenishukuru kwa baiskeli. Kisha akasema homa ilianza kushuka usiku wa Jumatatu. Siku jiwe lilipopasuliwa, si jana kwa dawa. Amesema bila uchungu, kama mtu anayesema mvua ilinyesha. Hata dawa imekuwa shahidi wa uongo wangu.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemwambia Onchiri atafute mtu mwingine. Amekasirika. Shauri yake.

Hakuna anayekubali kukaa tena mbele ya Mjomba. Watoto wakipita kwetu wanageuza uso, wengine wanaufunika kwa daftari. Yeye anachonga viboko, mmoja baada ya mwingine, wote wanafanana. Mikono yake imezeeka wiki hii.

Kwa hiyo leo, siku ya soko, nimebeba benchi mpaka barabarani. Nimekaa. Nimemwita Mjomba mbele za watu nikasema nataka anichonge mimi, macho na yote, na soko lote litazame kama nitakufa. Alisita sana. Kisha akaleta jiwe. Watu wamesimama tangu asubuhi. Yule mzee wa machimboni alikuwepo, Kemunto alikuwepo, Kwamboka mgongoni mwake. Pua imetoka vizuri. Mdomo pia, mkubwa, Mjomba hakunihurumia. Macho tumeyaacha kwa siku nyingine.

Jumanne, 24 Juni

Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika. Tumekaa tena barabarani. Watu si wengi kama juzi.

Mjomba amefika kwenye macho. Amekohoa. Amesema taratibu, kama zamani, "Tulia, jiwe linakuona."

Hadithi hii niliitunga mimi. Kwa kinywa changu, kwa ajili ya filamu ya kipuuzi. Lakini ncha ya kisu ilipolisogelea jiwe, nilifumba macho. Sikutaka. Yalifumba yenyewe.

Nilipoyafumbua, Mjomba alikuwa ameshakiweka kisu chini. Anapangusa vumbi magotini. Hakunilaumu. Amevuta gunia akaufunika ule uso, kisha akanisogezea kiboko na msasa.

Nimesugua mpaka mchana. Yeye amechonga mwingine.